Jiko Lililoingizwa Ndani

Jumamosi ile Sindano aliamka akiwa amechoka, kana kwamba usiku kucha alikuwa amebeba kuni badala ya kulala. Alikaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza mvua juu ya bati. Haikuwa mvua kubwa. Ilikuwa ile ya kunyesha polepole, kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu na hana mpango wa kuondoka.

"Sindano! Mashuka hayajifui yenyewe!" mama yake aliita kutoka uani.

"Nakuja, mama."

Jina la Sindano alipewa na bibi yake kwa sababu ya wembamba wake, na kwa sababu ulimi wake haukuchelewa kuchoma. Lakini msimu huu wa mvua hata ulimi ulikuwa umechoka. Mama yake alikuwa dobi, mfuaji wa mashuka ya nyumba ya wageni iliyo karibu na stendi ya mabasi. Wakati wa jua kazi ilikuwa na mwendo wake mzuri: kufua asubuhi, kuanika, kupiga pasi jioni, kupeleka. Mvua ilikuwa imeharibu mpango wote huo. Mashuka yalifuliwa yakakaa mabichi, yakaanza kunuka uvundo, yakafuliwa tena.

Walifua uani chini ya kibanda kinachovuja. Kila shuka walilikamua kwa pamoja, mama ameshika ncha huku, Sindano kule, wakilisokota hadi maji yakaacha kudondoka. Vidole vya mama vilikuwa vimenyauka na kuchubuka kwa sabuni. Walipomaliza, waliyaanika chumbani, kwenye kamba zilizofungwa ukuta hadi ukuta. Mtu akitaka kupita ilimbidi ainame.

Chini ya mashuka hayo bibi alikuwa amejilaza kitandani pake, amejifunika blanketi hadi kidevuni. Baridi ilikuwa imemkamata magoti. Mjukuu wake wa mwisho, mdogo wake Sindano, ambaye watu wote walimwita Kishindo, alikuwa akiruka kutoka kitandani hadi sakafuni na kupenya katikati ya mashuka huku akinguruma kama lori linalopanda mlima.

"Mume wangu," bibi alilalamika, "kelele zako zitaniua kabla baridi haijaniua. Mke mwenzangu, hebu mchukue huyu mume wetu!"

Siku nyingine Sindano angejibu kwamba yeye mume wa namna hiyo hamtaki hata kwa kulipwa. Leo alitabasamu tu.

Baada ya chakula cha mchana mama alifunga mashuka ya jana yaliyokwisha kukauka ndani ya mfuko wa nailoni na kujitwika.

"Haya mengine yanatakiwa jioni," alisema. "Kuna wageni wengi wanafika. Yaliyobaki na unyevu kidogo yapige pasi. Na jiko..."

"Barazani," Sindano alidakia. Alikuwa ameisikia amri hiyo tangu utotoni. Jiko la mkaa halikuruhusiwa kuvuka kizingiti, hata mvua inyeshe mawe. Kwa nini, mama hakuwahi kueleza, na Sindano hakuwahi kuuliza.

Mama hakuwa amefika mbali wakati upepo ulipogeuka. Mvua ikaanza kupiga barazani kwa ubavu. Sindano alilisogeza jiko pembeni, mvua ikalifuata. Akalikinga kwa karai, upepo ukaliangusha karai. Makaa yalilia "chwii" kila tone lilipoangukia. Moto ukizimika, angewasha na nini? Mkaa uliobaki kwenye gunia ulikuwa umelowa.

Alichungulia ndani. Mashuka yalikuwa yananing'inia mazito, na chini yake bibi alikuwa akitetemeka. Sindano aliyatazama makaa. Yalikuwa yameiva vizuri, mekundu, hayatoi moshi hata chembe. Kibaya ni moshi, aliwaza. Sasa hapa moshi uko wapi?

Mikono ilimuuma, mgongo ulimuuma, na hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu, hata na nafsi yake. Alilishika jiko kwa vitambaa, akaliingiza ndani na kuliweka katikati ya chumba, mbali kidogo na ncha za mashuka.

"Jiko hilo?" bibi aliuliza.

"Kwa muda mfupi tu, bibi. Mashuka yakauke."

"Umefungua dirisha?"

"Nimefungua."

Na kweli alikuwa amelifungua. Lakini punde mvua ikaanza kuingia dirishani na kulowesha mashuka yaliyokuwa karibu. Kazi ya asubuhi nzima! Sindano alilifunga dirisha na kutia komeo. Maji yalipoanza kuchungulia chini ya mlango, aliziba upenyo kwa gunia. Bibi hakuambiwa lolote.

Chumba kikapata joto. Mashuka yakaanza kufuka mvuke. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Sindano aliona kuna jambo linalokwenda sawa. Alitia makaa kwenye pasi, akatandika blanketi juu ya meza na kuanza kazi.

Hakujua ni wakati gani kichwa kilianza kumuuma. Kilimbana taratibu, kama mtu anayemfunga kitambaa na kukaza kidogo kidogo. Uchovu huo, alijiambia. Baadaye tumbo likamchafuka. Akaiweka pasi kando, akaketi kwenye kigoda apumzike kidogo.

"Na mimi kichwa kinanigonga," bibi alinong'ona, kisha akanyamaza.

Kishindo alikuja akijiburuta. "Dada, kichwa," alisema, na kabla hajajibiwa akajilaza sakafuni palepale, shavu kwenye saruji.

Sindano alifumba macho. Kimya kilikuwa kitamu. Tangu asubuhi alikuwa akikitamani kimya cha namna hiyo, bila lori, bila mlima, bila mtu wa kuita jina lake. Alikaribia kabisa kujiachia kwenye usingizi. Lakini wazo moja lilimsumbua kama punje ya mchanga jichoni. Mimi nimechoka kwa sababu nimefua na kubeba maji. Bibi ni mzee na anaumwa. Na Kishindo, je? Yeye amefanya kazi gani? Tangu lini Kishindo analala mchana, tena bila kulazimishwa?

Akafumbua macho.

"Kishindo!" Mtoto hakuitika. "Bibi!" Bibi naye kimya.

Sindano alisimama, miguu ikamlegea kama si yake. Akaenda mlangoni kwa kutambaa. Lile gunia alilolisokota chini ya mlango lilikuwa limekaza. Akalivuta kwa mikono miwili, akatafuta kitasa, akakikosa, akakitafuta tena. Mlango ulipofunguka, upepo ulimpiga usoni kama kofi. Akarudi, akamshika Kishindo kwapani, akamburuta hadi barazani mvuani. Kisha akapiga kelele ambazo hakujua bado anazo.

"Jamani, njooni! Bibi yuko ndani! Bibi haamki!"

Wa kwanza kufika alikuwa fundi baiskeli, jirani wa ukuta kwa ukuta, spana ingali mkononi. Alitupa macho ndani, akaliona jiko, hakuuliza swali.

"Wewe kaa hapo hapo! Usiingie tena!"

Alivuta pumzi akaibana, akaingia, akapiga dirisha likafunguka, akarudi nje kuhema. Mara ya pili alitoka na bibi mikononi, kichwa kimemlalia begani. Kishindo alikuwa ameanza kutapika na kulia. Sindano hakuwahi kusikia kilio kilichomfurahisha kiasi kile.

Mwenye bajaji wa mtaa wa nyuma aliwakimbiza wote hadi zahanati. Bibi alivishwa kifaa cha hewa puani na mdomoni, naye Kishindo hivyo hivyo. Sindano alikaa kwenye benchi, maji yakimchuruzika, akitazama kifua cha bibi kikipanda na kushuka. Kila kiliposhuka, aliogopa hakitapanda tena.

Mama alifika akiwa amelowa chapachapa, kiatu kimoja mkononi. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaketi benchini kando ya Sindano.

"Mama, ni mimi," Sindano alisema. "Niliingiza jiko. Bibi aliuliza dirisha, nikamwambia nimefungua. Halafu nikalifunga na sikumwambia."

Alingoja kugombezwa. Mama alimgeukia.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Mashuka yalikuwa yanalowa. Na nilikuwa nimechoka."

Mama alimvutia kwake. Mikono yake ilinuka sabuni. "Nilikukataza bila kukueleza," alisema kwa sauti ya chini. "Kosa hilo ni langu. Lakini bibi yako ulimwacha aamini dirisha liko wazi, na hilo ni lako."

Bibi alifumbua macho kabla jua halijazama. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza mume wake yuko wapi. Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye miwani, alicheka, akavuta kiti na kuketi mbele ya Sindano. Ilionekana hata yeye alikuwa amesimama tangu asubuhi, kwani alivua viatu na kuikandakanda miguu.

"Sikiliza, mwanangu. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Ndiyo maana watu huona makaa yasiyo na moshi wakadhani ni salama. Kufungua dirisha dogo hakutoshi, na kitambaa puani hakizuii kitu. Mkiwa chumba kimoja na moto, kichwa kikawauma zaidi ya mtu mmoja, msitafute sababu. Tokeni nje kwanza, mwite watu, maswali baadaye. Kila msimu wa baridi na mvua napokea watu kama nyinyi. Wengine hawawahi."

"Nilidhani ni uchovu tu," Sindano alisema.

"Basi hapo ndipo pa kujichunga. Mtu aliyechoka hutafuta njia ya mkato, na akili yake humwambia haina neno. Ukijiona umechoka hivyo, acha kazi, hata kama ni ya lazima. Umefanya vibaya kuingiza jiko, lakini umefanya vizuri kushtuka. Yote mawili yakumbuke."

Siku iliyofuata waliruhusiwa kurudi nyumbani. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Fundi baiskeli alikuja na mabati mawili makuukuu na miti, yeye na mama wakajenga kibanda cha jiko nje, kilichoegemea ukuta wa upande usiopigwa na upepo, pande mbili wazi. Sindano alishika misumari.

"Hiki tungekijenga kabla ya mvua kuanza," mama alisema akijifuta uso. "Kila mwaka nasema nitajenga, kila mwaka nangoja kesho. Kuanzia sasa, mawingu yakianza kukusanyika tu, tunatazama paa, tunakausha mkaa, tunakagua kibanda. Na mimi kila nikiweka sheria, nitawaambia na sababu yake."

"Na mashuka ya jana?"

"Nimekwenda kuzungumza na msimamizi wa nyumba ya wageni. Alinuna. Nikamwambia mvua ikinyesha yatachelewa, asipotaka atafute dobi mwenye jua lake. Akakubali, shingo upande."

Bibi alicheka kutoka ndani hadi akakohoa. Mama alimpokonya Sindano kopo la misumari, akamsukuma taratibu kuelekea mlangoni.

"Nenda kalale. Kazi itakukuta."

Sindano alijilaza kando ya bibi yake, dirisha likiwa wazi, na hakukumbuka hata kujifunika.