Picha ya Moza

Kila alasiri akitoka chuo cha Kurani, Mize alipitia kwenye duka la kompyuta la mjomba wake Mbarouk, karibu na soko la Wete. Alifagia, akapanga karatasi kwenye printa, kisha mjomba akamfundisha kuchapa. Mize alisoma darasa la sita, na alitamani siku moja atengeneze programu zake mwenyewe.

Siku moja alikuja Bi Mwanawema kutoka Gando, na simu iliyopasuka kioo. Binti yake, Moza, alikuwa amefariki wakati wa kujifungua, na picha zake zote zilikuwa katika simu hiyo.

"Nitolee, mwanangu, kabla haijazima kabisa," alimwomba Mbarouk. "Sina picha zake nyengine."

Mbarouk alizihamishia kwenye kompyuta, kisha akaenda kuswali. Mize alibaki peke yake. Aliiona picha ya Moza siku ya harusi yake, nywele wazi, akicheza ndani na wanawake wenzake. Alikuwa mzuri mno! Bila kufikiri, Mize akaituma kwa rafiki yake Bimkubwa, aliyekuwa akitumia simu ya dada yake. Dada naye akaisambaza. Haikuchukua muda, picha ikawa mikononi mwa wanaume barazani, na maneno machafu chini yake.

Habari zilipomfikia Bi Mwanawema, alishtaki. Ofisa wa serikali akaja na kulifunga duka.

"Wallahi sikuituma mimi," Mbarouk aliapa.

Mize alisogea mbele. "Ni mimi, mjomba," alisema.

Ofisa alimtazama, kisha akamgeukia Mbarouk. "Sheria inakutaka ulinde taarifa za wateja wako. Kompyuta uliiacha wazi."

"Kweli, kosa ni langu," Mbarouk alikiri.

Jioni ile walikwenda Gando kuomba radhi. Bi Mwanawema hakupiga kelele.

"Mwanangu hakutoka nje kichwa wazi hata siku moja," alisema. "Nilimzika na stara yake. Leo nashindwa kumrejeshea."

Mize alilia kwa kwikwi.

"Nimekusamehe. Nenda nyumbani, mwanangu," Bi Mwanawema alimwambia.

Mize na Bimkubwa walizunguka wakiomba picha ifutwe. Wengi waliifuta. Wengine walicheka tu.

Duka lilifunguliwa baada ya Mbarouk kuweka nywila katika kila kompyuta na kuahidi kufuta kazi za wateja zikishamalizika. Lakini watu walipita mlangoni bila kuingia.

"Mjomba, kama si sheria hii, tungekuwa na wateja," Mize alisema kwa huzuni. "Serikali haitaki kompyuta hapa Pemba?"

"Wateja hawakufukuzwa na sheria, Mize. Tumewafukuza sisi," Mbarouk alijibu taratibu. "Mtu akituletea kitu chake, ni kama ametukaribisha chumbani kwake. Akiogopa kutuamini, kazi hii haina kesho kisiwani kwetu. Sheria imewekwa kuilinda imani hiyo. Utakapotengeneza programu zako, anzia hapo: cha mtu ni cha mtu, hata kama umeachiwa wewe ukitunze."