Mfanyakazi wa Mfano

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, la haraka haraka, na yeyote pale kwenye kampuni angeweza kulifanya. Kila mwaka, mkutano mkuu wa wateja ukikaribia, dada mwonyeshaji hubuni mfanyakazi wa uongo ndani ya programu ya ajira wanayoiuza, kisha jukwaani humwajiri, humpandisha cheo na kumwachisha kazi, watu wakapiga makofi. Safari hii programu ilikataa kuhifadhi bila anwani ya makazi. Alichoka kubishana nayo, akaandika anwani ya kwake.

Asubuhi ya mkutano, ukumbi ukiwa umejaa taa na watu wenye mikoba ya bure, alifungua kompyuta akakuta mfanyakazi wake amesharipoti kazini tangu alfajiri. Mahali pa picha, palipokuwa na kivuli cha kijivu tu, pametokea paji la uso. Akasikia harufu ya nywele zilizoungua.

Alimuuliza fundi mitambo, mzee mtani waliyemwita Waya, nani anamchezea mfanyakazi wake wa mfano. Waya alicheka, akasema labda jamaa anatafuta kupandishwa cheo mapema. Kisha akaiinamia skrini na utani ukamkauka mdomoni. Macho nayo yalikuwa yameshatokea.

"Mwanangu," alinong'ona, "huyu umempa pa kukaa?"

Papo hapo jina la dada likaitwa, akapanda jukwaani. Alianza maneno aliyoyakariri, na kwenye skrini kubwa nyuma yake, mbele ya watu elfu mbili waliodhani ni sehemu ya maonyesho, taarifa ya mfanyakazi ikabadilika yenyewe kutoka "yuko ukumbini" kuwa "yuko njiani", halafu "amefika nyumbani", na harufu ile ikakatika ghafla, naye akajua imekwenda wapi, maana nyumbani aliwaacha mama yake na bintiye wa miaka sita.

Alizima kipaza sauti, akapiga simu pale pale.

"Mgeni wako wa kazini ameshafika," mama alisema kwa sauti ya chini. "Ana kitambulisho shingoni. Amekaa na mtoto chumbani. Lakini mwanangu, mbona hapepesi macho?"

"Mama, mchukue mtoto mtoke nje."

"Mlango wa chumba haufunguki."

Akairukia kompyuta, akabonyeza pa kumwachisha kazi, na programu, kwa upole wake ule ule wa siku zote, ikauliza nani anachukua nafasi yake, akaacha wazi, ikakataa, akaandika upuuzi, ikakataa, inataka mtu wa kweli aliyemo kwenye orodha, na simuni bintiye alikuwa ameanza kulia, na katika orodha nzima ya wenzake hakumwona hata mmoja wa kumfanyia hivyo, basi akaandika jina lake mwenyewe. Ikahifadhi.

"Ameondoka," mama alisema. "Mtoto ninaye hapa, mzima."

Akamwita mama yake. Mama akasema halo, halo, unanisikia, kisha akakata simu.

Ukumbi ulipiga makofi. Waya alipanda jukwaani mbiombio, akampita bila kumtazama, akawauliza waliokaa mbele mwonyeshaji ameelekea wapi. Kwenye skrini kubwa kivuli cha kijivu kilikuwa kimerudi mahali pa picha, na polepole paji la uso likaanza kutokea, lenye kovu la utotoni la mwonyeshaji mwenyewe.