Siku Mama Alipoonja Kwanza

Nina miaka arobaini na mbili, mama wa watoto watatu. Nauza mchele sokoni hapa Mpanda, na nyumbani kwangu ni Shanwe. Ni mtu wa kuhesabu mara mbili. Chenji nahesabu mara mbili, magunia mara mbili, hata rozari nikihisi nimeruka punje narudi mwanzo. Nayasema haya mapema, wasomaji wenzangu, msije mkadhani yaliyonipata yalimpata mjinga. Mjinga angeogopa akakimbia. Mimi nilijiona mjanja.

Ujanja wenyewe niliusomea. Kabla sijaolewa nilifanya kazi na mzee mmoja wa mazingaombwe aliyejiita Profesa. Tulizunguka shule za msingi, tunaziba madirisha ya darasa kwa kanga, wanafunzi wanabanana, yeye anatoa mayai mdomoni na mimi nalala kwenye boksi nikatwe kwa msumeno. Nimekatwa sana, na bado nimezaa watatu.

Profesa alinifundisha kwamba watu hawatazami mkono wako, wanatazama pale unapotazama wewe. Akanifundisha na jingine, ambalo lilinitoka kichwani siku nilipolihitaji. Usimlazimishe mtu achukue karata unayoitaka, alisema. Mwache achague mwenyewe, ila hakikisha karata zote ni ile ile moja.

Mama yangu anaitwa Veneranda. Alikuwa anaishi peke yake upande wa Kakese, mjane, mkulima wa mpunga, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Nyie mnaotoka huku kwetu mnajua bibi mwenye macho mekundu anavyosemwa.

Msimu ule watoto wawili wa majirani walifariki kwa homa, mmoja baada ya mwingine. Watu wakachanga, wakaleta lambalamba, wale watoa uchawi wanaopita nyumba kwa nyumba wakifukua pembe na hirizi. Nilipopigiwa simu kwamba kesho yake wanafika kwa mama, nilifunika mchele wangu nikapanda bodaboda asubuhi. Hofu sikuwa nayo. Nilikuwa nakwenda kumuumbua mtu mbele za watu, na njiani nilikuwa nacheka peke yangu.

Nilitegemea kukuta mzee wa kutisha mwenye mangozi. Nikakuta kijana tu, shati limepigwa pasi, anamwamkia mama yangu shikamoo kwa adabu kuliko wakwe zangu. Akaeleza utaratibu wake. Yeye hamtaji mtu. Kila nyumba inatoa shahidi mmoja, shahidi anakunywa dawa ya kuona, halafu nyumba yenyewe inamtaja mchawi.

"Nitakunywa mimi," nikasema. "Mama mtu mzima. Ila nina masharti."

"Sema, dada."

"Vua kofia. Kunja mikono ya shati mpaka mabegani. Mifuko nayo igeuze nje."

Akafanya vyote. Watu wakaanza kucheka, mmoja akasema, "Huyo ni Skola wa sokoni, utavua mpaka viatu." Akavua na viatu.

"Bado nini?"

"Uonje kwanza wewe."

"Hilo hata usingesema," akajibu. "Mimi nimelelewa na watu."

Kwetu mwenyeji akimpa mgeni kinywaji, huonja kwanza mbele yake. Tunaita kutoa sumu. Ni heshima tu, ishara kwamba hapa hakuna baya, na ukishaiona moyo unalala. Wangu ulilala. Sokoni nimejifunza kwamba anayekubali bei yako ya kwanza ameshakupiga... Huyu alikubali bei zangu zote bila hata kuguna. Kwa nini sikushtuka?

Alikunywa kutoka kwenye kibuyu cha dawa. Nilitazama koo lake, likapanda likashuka, kameza kweli. Kisha akafuta mdomo wa kibuyu kwa kitambaa cheupe, taratibu, akinitazama usoni. Nikasema moyoni, angalau huyu ana usafi.

Akanikabidhi, akainama karibu na sikio langu. "Usihangaike kumtafuta kwa macho, dada. Mchawi wako ni yule ambaye mkono wake umewahi kukulisha."

Nikanywa. Chungu.

Mwanzoni hakuna kilichotokea. Nikasema kwa sauti kwamba dawa ya kijana imepitwa na wakati, watu wakacheka tena. Jua lilikuwa kali, saa nane hivi. Mdomo ukanikauka mpaka ulimi ukashika juu. Halafu uwanja ukaanza kupumua.

Sijui niwaeleze vipi. Ardhi ilipanda na kushuka kama tumbo la mtu aliyelala. Majani ya mahindi yakageuka yote kunitazama. Nikajaribu kuhesabu vidole vyangu, nikahesabu tena, kila mara vikawa vingine. Mimi, wa kuhesabu mara mbili! Nikasikia lile neno likizunguka kichwani, mkono uliokulisha, mkono uliokulisha, na mkono ulionilisha mimi duniani ni mmoja tu.

Nikamtazama mama. Alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake. Uso wake ukawa unavuja, unashuka kifuani, na ndani yake kuna uso mwingine unaonicheka. Mikono yake ikarefuka mpaka kwenye shingo yangu. Niliihisi, wasomaji wenzangu. Baridi yake bado naijua.

"Skola," mama akasema. "Niangalie vizuri, mwanangu. Ni mimi."

Nikapiga yowe. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema mbele ya kijiji kizima: "Ni huyu. Ni mama."

Yule kijana alishaingia jikoni anachimba chini ya mafiga. Na hapa ndipo panaponinyima usingizi mpaka leo. Ile pembe aliyodai kuifukua niliiona ikitoka kwenye kitambaa cheupe. Niliiona kwa macho yangu, kazi ya kitoto kabisa, Profesa angemchapa makofi. Niliiona ikitoka kwenye kitambaa na bado niliamini imetoka ardhini. Vitu viwili ndani ya kichwa kimoja, na hakuna kilichomfukuza mwenzake. Nilidhani mtu akishajua siri ya mazingaombwe hadanganyiki tena. Kumbe kujua kunakaa chumba kimoja na kuogopa kunakaa kingine, na ile dawa inajua mlango upi wa kufungua.

Vijana waliokota mawe. Mama yangu alipona kwa sababu ya katekista wetu, aliyemkumbatia mwili mzima akamsukuma mpaka ndani ya kanisa la kigango na kukaa mlangoni. Wakashindwa kumvuka. Wakarudi kubomoa jiko na kuchoma nyumba. Kijana mwenye shati la pasi hakungoja hata moshi uishe, na polisi walipofika hakuna aliyekuwa anajua jina lake. Mimi majirani walinifunga kwa kanga nyuma ya bodaboda, kwa sababu nilikuwa nang'ang'ania kushuka nikimbie porini.

Hospitali nilikuja kujitambua na daktari, binti mdogo tu, ananimulika macho.

"Ulichokunywa hakionyeshi mchawi, mama," akaniambia. "Kinaichanganya akili, halafu akili inachora ilichoambiwa ichore. Alikwambia nini kabla hujanywa?"

Nikamwambia. Akazima tochi.

"Sasa hapo ungemwona nani mwingine?"

Karata zote zilikuwa ile ile moja.

"Lakini mimi simwogopi mama yangu," nikasema.

"Kila mtoto amewahi kumwogopa mama yake. Hata wangu nilimwogopa."

Nikamuuliza, mbona mwenyewe alikunywa na hakupata kitu? Kabla hajajibu nikajijibu. Kitambaa. Alionja kibuyu kikiwa salama, akakifuta, na katika kufuta ndipo dawa ilipoingia. Nilikagua kofia, mikono, mifuko na viatu. Desturi yetu sikuikagua. Nani anakagua adabu?

Mama sasa yuko Sitalike kwa mdogo wake, wanapika vitumbua kando ya barabara. Ilinichukua muda mrefu kupata ujasiri wa kwenda. Nilifika na sukari na mchele, nikapiga hodi kama mgeni. Akanikaribisha, akafuta kiti, akauliza wajukuu hawajambo. Nikapiga magoti nikamweleza yote, kitambaa, maneno ya sikioni, maneno ya daktari. Akasikiliza.

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema. "Yameisha. Ngoja nikupe togwa, umetoka mbali."

Alipokuwa anamimina, macho yangu yalikwenda kwenye vidole vyake. Sikuyatuma. Yalikwenda yenyewe, na mgongo wangu ukasisimka kama siku ile. Mama akaona. Akainua kikombe, akaonja kwanza, akanipa.

Anayeonjewa ni mgeni, wasomaji wenzangu. Mtoto haonjewi na mama yake. Tangu nimezaliwa hajawahi kunionjea.

Nikanywa mpaka tone la mwisho, machozi yananidondokea humo humo.

Basi nawasihi. Atakayekuja kwenu na kikombe cha kuonyesha, awe na mapembe, awe na suti, awe na maneno matamu, msinywe. Hasa nyie wajanja, mnaosema nakwenda kumkamata tu. Macho yako yana ujanja, lakini hofu yako haina, na yeye hashughuliki na macho. Na mtoto akifa kwa homa kijijini, mpelekeni anayefuata zahanati mapema, muwaache bibi zenu na moshi wao.

Mimi kila Jumapili baada ya misa napanda gari kwenda Sitalike. Tunaongea, tunacheka hata, mama ananitania kwamba nimenenepa kwa mchele wa kuiba kipimo. Kisha anamimina togwa, na anaonja kwanza.

Sijamwambia aache. Nangoja tu siku atakayosahau.