Shangazi Alitoa Damu ili Atuumbue

Nilishuka kwenye bodaboda nikiwa na kipara, kichefuchefu kimenikaba, mfuko wa dawa mkononi... nikakuta ngoma inapigwa nyumbani kwangu!

Nikajua labda ni unyago wa mtoto wa jirani.

Wapi! Ilikuwa harusi ya mume wangu.

Godoro langu limetupwa nje, kuku wamelipanda. Mwanangu Nasra, miaka saba, amekaa juu yake amekumbatia begi la shule.

"Nasra, nani kakutoa nje?"

"Bibi."

Jamani! Nilitoka Dar kwenye matibabu ya kansa ya titi, nimekuja kupumzika kwangu, kumbe kwangu hakupo tena!

Naitwa Somoe, mtu wa Mpapura, huku Mtwara. Huyo bibi anaitwa Asumini. Ni mama mkwe wangu, na papo hapo ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba yangu, tumbo moja. Huku kwetu binamu kuoana si ajabu, wazee wenyewe hushangilia. Ndivyo nilivyoolewa na Rajabu, mtoto wa shangazi.

Shangazi akatoka na kanga zake za harusi, akasimama mbali.

"Umekuja kufanya nini?"

"Shangazi, hapa si ni kwangu?"

"Kwako kwa mama yako! Rajabu kashapata nke nzima. Nchukue na n'toto wako muondoke."

"Nasra ni mjukuu wako!"

"Mjukuu? N'toto anafuata ukoo wa mama, na ugonjwa unafuata ukoo wa mama! Kaoza mama yako, umeoza wewe, na huyo naye ataoza."

Alisema hivyo mbele ya mtoto!

Nikamtafuta Rajabu kwa macho. Alikuwa mlangoni na kanzu mpya, anajifanya anafunga kamba za viatu. Mwanaume mzima!

Dada yake, Husna, wifi yangu niliyecheza naye kombolela tangu utotoni, alicheka kuliko watu wote pale.

Nikambeba mwanangu. Godoro nikawaachia kuku.

Mama yangu alinipokea bila swali hata moja. Lakini maneno ya Shangazi yalitutangulia kila mahali. Mama alikuwa anauza vitumbua asubuhi, watu wakaacha kununua. Msibani walimnyang'anya mwiko, eti asishike chakula cha watu.

Watoto shuleni wakampa Nasra jina. Kansa. "Kansa, lete mpira! Kansa, usikae hapa!"

Siku moja namwogesha, akaniuliza:

"Mama, mimi nitaoza lini?"

Nililia mpaka nikatapika. Nikaapa kwamba kabla sijafa, lazima mwanangu asafishwe jina.

Hapo ndipo akaja sista Rebeka, muuguzi, na watu wa utafiti pale zahanati. Walikuwa wanatafuta wagonjwa wa kansa na ndugu zao wajitolee damu kidogo, ichunguzwe kama ugonjwa unarithiwa.

Kijiji kikapasuka! Mumiani hao! Damu inapelekwa Ulaya! Watu wakafungia watoto ndani.

Mimi nikaenda nimenyoosha mkono.

"Somoe, ni hiari," sista Rebeka aliniambia. "Unaweza kukataa, na matibabu yako hayataguswa."

"Sista, utaweza kujua ugonjwa wangu umetoka wapi?"

"Tukipata damu za ndugu wa pande zote mbili, tunaweza."

Mama akatoa. Upande wa baba nikajua hatoki mtu. Baba mwenyewe alikufa kijana, kwa ajali ya lori la korosho.

Kumbe Shangazi kapata habari! Alikuja zahanati na msafara, kanga mpya, kilemba juu, kama anakwenda kupokea zawadi.

"Nitoe mimi! Muone damu safi inavyokuwa. Halafu mkatangaze, huu uchafu ni wa mama yake Somoe!"

Akatoa huku anacheka. Alipotoka akamtemea mama yangu mate miguuni.

Mama akafuta kwa kanga yake, akasema, "Haya, Wifi. Tusubiri."

Mikorosho ikachanua, ikazaa, watu wakaanza kubangua. Ndipo sista Rebeka akarudi na majibu. Alimwita kila mtu ndani, peke yake. Mama akaingia, akatoka ameshika kifua.

"Somoe, mimi sina. Wameangalia, sina!"

Mimi nilikuwa nayo, hiyo kasoro ya kurithi inayoleta kansa. Kwa hiyo ilitoka kwa baba. Nikanyamaza kimya, maana sista alinionya kwamba majibu ya mtu mwingine si yangu kuyatangaza.

Lakini Shangazi aligoma kwenda zahanati, alitaka majibu asomewe kwake mbele za watu. Sista Rebeka akamfuata kwake. Akamkuta kibarazani na wanawake kibao, Husna akiwemo, wanabangua korosho, mikono imejaa majivu ili utomvu usiwaunguze. Shangazi alishatuma hata mtu kuniita mimi na mama, tuje tuaibike vizuri!

"Mama, twende ndani tuzungumze," sista alisema.

"Sina siri mimi! Sema hapa hapa!"

"Mama yangu, haya ni majibu yako peke yako. Nakuomba."

"Unaogopa nini? Kakuhonga Somoe? Mimi ndo mwenye damu, nimekuruhusu. Sema!"

Wanawake wakaacha kugonga korosho.

Sista akavuta pumzi.

"Unayo, mama. Kasoro ileile ya Somoe. Imetoka kwenu, wewe na marehemu kaka yako."

Shangazi akainuka.

"Muongo!"

"Haimaanishi lazima uumwe. Wengine wanazeeka nayo salama, na mwanaume anaweza kumpa mtoto bila yeye kuumwa. Ila watoto wako wote wapimwe, hasa wa kike. Mapema."

Shangazi akageuka kumtazama Husna.

Nisiwafiche, ndugu zangu. Moyo wangu ulicheka! Nilifungua mdomo nimpe lake, tena nilishalipanga tangu siku ya godoro.

Husna akaniwahi. Akasimama, mikono ina majivu, akafungua kanga kifuani mbele za watu.

Wallahi nilichokiona sitaki kukisimulia. Titi la kushoto lilishapasuka. Alikuwa amelifunga kwa vitambaa na kumwaga mafuta ya udi na marashi juu yake.

"Ninalo donge, mama. Lilianza kabla ya harusi ya Rajabu, kama kikorosho kidogo tu."

"Husna! Mbona hukusema?"

"Ningesema kwa nani? Nilikuona ulivyomtupa Somoe. Nilikuona ulivyomfanya Nasra, mtoto mdogo! Siku ile nilicheka sana ili msinitazame mimi."

Shangazi akapiga yowe moja, akaanguka kwenye maganda ya korosho.

Rajabu alimpeleka Husna Dar. Daktari akasema kansa imeshafika kwenye mapafu. Wangekuja lilipokuwa dogo, angekuwa na nafasi kama mimi. Akarudishwa afie nyumbani, na akafa.

Sasa sikieni ukatili wenyewe. Alipokufa, hakupatikana mtu wa kumwosha! Huyu mgongo, yule ana mtoto mchanga, mwingine kasafiri ghafla. Walikuwa wameelewa vizuri sana kwamba kansa ni uchafu unaoambukiza. Mwalimu wao si alikuwa Shangazi?

Alikaa pembeni ya maiti ya mwanawe anaita majina ya wanawake wa kijiji, mmoja mmoja. Hakuitika mtu.

Tulimwosha mimi na mama yangu.

Tulipomaliza, Shangazi akatambaa akanishika miguu.

"Somoe mwanangu, nisamehe."

Nikamtoa mikono, nikaenda zangu. Mama kasamehe, ana roho yake. Mimi bado, na msinihubirie.

Rajabu naye anatuma salamu turudiane. Huyo mke mzima alishachukuliwa na wazazi wake, eti ukoo wa Rajabu umeoza. Amepimwa, hataki kuniambia majibu.

Ewe unayesoma, kama una donge titini, nenda hospitali leo. Na kama una mdomo wa kumcheka mgonjwa, ujue yuko ndani ya nyumba yako anayekusikiliza, anaficha chake. Kansa ilimpata Husna, lakini mama yake ndiye aliyemfungia mlango wa hospitali.

Nasra akishakuwa mkubwa, akitaka kupima, nitampeleka mwenyewe. Akikutwa nayo, nataka mtu wa kwanza kumwambia niwe mimi.