Mayai Mia na Siku za Mawingu

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mama Vifaranga aliingia chumba cha mashine ya kutotolea. Alichukua yai moja, akaliweka sikioni, akafumba macho. Alijiona amezungukwa na manyoya ya njano, chumba kizima kikilia piyo piyo.

Mayai ya mwezi uliopita hayakulia. Umeme ulikatika, mawingu yakatanda, sola ikawa pambo la paa. Mayai yote yalipoa, naye alilia kama aliyefiwa. Sasa alikuwa na mayai mia mengine.

Ukutani kulikuwa na mistari ya makaa. Mumewe alichora mstari kila siku umeme ulipokatika. Mama Vifaranga alichora wake kila siku ya mawingu mazito. Hakuna aliyeandika tarehe. Katika siku mia, umeme ulikatika siku ishirini. Siku za mawingu zilikuwa thelathini.

"Umeme hukatika siku moja kati ya tano," alisema mumewe. "Moja ya tano ya thelathini ni sita. Basi umeme na sola vitatuangusha pamoja siku sita tu. Tulia, mke wangu."

Jirani yao, mama mpima mvua, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliangua kicheko.

"Shemeji, unahesabu kana kwamba umeme na mawingu havijuani! Hivi ni chanda na pete. Mvua ikija na upepo, nyaya zinaanguka. Jumla mnazijua. Hamjui vinakutana mara ngapi."

Alileta daftari lake la mvua na mawingu, lenye tarehe. Pembeni alikuwa ameandika pia siku umeme ulipokatika. Walihesabu pamoja. Vilikutana siku kumi na tano!

Jirani alichora vyumba vinne sakafuni, akagawa maharage mia, moja kwa kila siku.

"Vyote viwili, kumi na tano. Umeme ulikatika siku ishirini, kwa hiyo bila mawingu ni tano. Mawingu ni thelathini, kwa hiyo yenye umeme ni kumi na tano. Zilizobaki?"

"Sitini na tano," Mama Vifaranga alinong'ona. "Siku njema."

Mumewe alikuna kichwa. Jioni hiyo alitafuta madumu ya maji moto na jiko la mkaa.

Siku ya ishirini na moja tangu mayai yaingie kwenye mashine, siku ya kuanguliwa, mawingu yalitanda, umeme ukakatika. Walipanga madumu kuzunguka mayai, wakabadilisha maji kutwa nzima.

Mama Vifaranga aliweka yai sikioni, akafumba macho. Ndani, mtu mdogo alikuwa akibisha hodi.