Sindano ya Mama wa Bibi Harusi

Jamani wana Lizaboni, tumesema hadi mate yametukauka, lakini acheni tuseme tena.

Nyumba ya Romwaldi ilikuwa na amani jioni ile. Mzee alikaa barazani akipukuchua mahindi ya shambani kwake Maposeni, na ndani wanawake walikuwa wakijaribu nyimbo za sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake, Beata, kabla ya ndoa. Mkewe, Mektilda, akarudi kutoka saluni kwa mara ya pili wiki ile, paji la uso limenyooka kama limepigwa pasi.

"Mama Beata, mbona unacheka na paji halicheki?"

"Mafuta tu hayo, Baba Beata. Unataka wakwe zetu waniite bibi?"

Romwaldi akaguna. Alikwishachoka kubishana na makopo ya mkorogo. Mkewe alikuwa mzuri tangu zamani, ila ukimwambia haamini.

Siku ya sendofu ukumbi ulijaa. Beata alipomlisha mama yake keki, keki haikushuka. Mektilda alipaliwa, akapewa maji, yakatokea puani, na kope zote mbili zikalegea. Vigelegele vikakatika, minong'ono ikaanza: mama wa watu karogwa. Shemeji mmoja akataka apelekwe kwa mganga kule Mpitimbi. Romwaldi akakataa, akamkimbiza hospitali.

"Mama, kuna dawa yoyote umetumia?" daktari aliuliza.

Mektilda akatikisa kichwa. Wakwe walikuwa wamesimama mlangoni, naye aliona haya. Haya gani hizi, ndugu yangu, za kumshinda mtu roho yake? Basi wakamtibu kama mwenye kiharusi, na kesho yake pumzi zikawa fupi. Romwaldi akaomba watu wote watoke, akaketi kitandani.

"Mektilda, nimechoka. Sikuulizi kwa nini. Niambie ni kitu gani, nisije nikakuzika."

Machozi yakamtoka. "Sindano," alisema kwa sauti ya puani. "Pale saluni. Ya kuondoa makunyanzi."

Romwaldi akamwita daktari. "Ungesema jana, mama," daktari alisema bila ukali.

Akamweleza Romwaldi kwamba ile ni sumu ya kulegeza misuli. Aliyemchoma hakujua kipimo, nayo imesambaa hadi kooni na kifuani. Dawa ya kuipinga ilitafutwa mbali, ikafika imechelewa. Iliizuia isiendelee, lakini pale ilipokwishashika haikuweza kuiondoa.

Mektilda hakufa. Lakini Jumamosi ya ndoa Romwaldi alimpeleka binti kanisani peke yake. Kabla ya hapo Beata alipita wodini na shela lake kumuaga mama, aliyekuwa akipumua kwa mashine. Mektilda alimsikia mwanawe akilia kando yake, akili zake timamu, lakini kope hazikufunguka amwone.

FUNZO

Sindano si kazi ya saluni. Dawa hiyo madaktari waliosomea huitumia kwa kipimo kidogo, tena kwa tahadhari. Ukichomwa, ukaona kope zinalegea, kumeza kunakuwa kazi au pumzi inakata, kimbia hospitali na useme kweli mapema, hata wakwe wakiwepo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nanyi wanaume, wasifuni wake zenu bila kungoja harusi. Tumechoka kuuguza watu waliokuwa wazima. Makunyanzi hayajawahi kumuua mtu.