Sauti ya Mama Redioni

Dukani kwa fundi redio palijaa watu siku ile, na msusi alikuwa karibu kulia. Kaseti yake ilikuwa imenasa ndani ya redio, na ndiyo pekee iliyobaki na sauti ya marehemu mama yake, akiimba huku anafua.

"Usiivute hivyo, dada," alisema kijana mmoja mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma na hedifoni shingoni. "Mimi ni prodyuza. Nipe, nitakuhamishia sauti kwenye simu."

"Prodyuza wa nini?"

"Hip hop."

"Mungu wangu, mama ameangukia kwa wahuni!"

Lakini alimpa, na namba ya simu pia. Siku tatu baadaye kaseti ilirudi nzima, sauti ikiwa safi kwenye simu, na tangu hapo ikawa mpenzi umeamkaje, mpenzi umekula, asubuhi na mchana. Prodyuza alimsimulia yote. Baba yake alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi, naye alianza kazi kwa kukata vipande vya santuri za mzee na kuvitia mdundo. Mzee alifariki kabla ya kuvisikia. Kwa hiyo aliamini kwamba kumtia marehemu kwenye biti ni kumpa heshima, na hakuona sababu ya kumuuliza mtu.

Ikapita miezi minne. Msusi alikuwa saluni na aproni yake ya buluu, vidole kichwani mwa mteja, redio ikapiga wimbo mpya wa rapa mmoja. Katikati ya majigambo akamsikia mama.

"Huu wimbo nauzimia!" alisema mteja.

Msusi alitoka nje akapiga simu.

"Umesikia?" prodyuza alichangamka. "Ilikuwa saprizi yako, mpenzi. Mji mzima unamwimba mama!"

"Nani alikuruhusu?"

"Lakini hata mzee wangu nili..."

"Mzee wako ni wako. Mama nilikuwa naye peke yangu, wewe umemgawa." Akakata simu.

Huo ndio uliokuwa wimbo wa kwanza wa prodyuza kupendwa, na aliuondoa redioni. Rapa alimwita mwendawazimu, akahamia studio nyingine. Redio zilipewa toleo jipya lenye besi ya baba yake prodyuza mahali pa sauti ile, na wasikilizaji wakalichoka ndani ya wiki. Hapo ndipo prodyuza alipokwenda saluni, akasimama mlangoni.

"Nimemtoa," alisema. "Hata kwenye kompyuta nimemfuta. Yuko kwako tu."

Msusi hakuacha kusuka. "Na kazi yako?"

"Naanza upya."

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua. Naomba kukuuliza kitu."

"Leo umejua kuuliza?"

"Nataka nikuoe. Utakubali?"

Saluni nzima iligeuka, hata aliyekuwa anasukwa. Msusi alikirudisha kichwa cha mteja mahali pake kwa mikono miwili.

"Kaa kwenye benchi hapo," alimwambia prodyuza. "Nikimaliza kichwa hiki utaniuliza tena, taratibu, nisikie vizuri."